Mwaka Nilioimba Peke Yangu

Mwezi uliopita nilimkuta Mwalimu Jumanne kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Haydom. Sura sikuitambua, maana ndevu zimekuwa nyeupe na mashavu yameingia ndani, lakini vidole nilivijua. Alikuwa akivigonga juu ya goti, polepole, akilichelewesha pigo la mwisho kidogo, vilevile alivyokuwa akifanya kwenye gitaa la besi. Nikasimama mbele yake nikamwambia, "Mwalimu, bado unachelewa?" Akainua kichwa, akanitazama kwa jicho moja, la pili likiwa limefunikwa pamba, akasema, "Dada Paskalina, mimi sichelewi. Wewe ndiye una haraka." Tukacheka mpaka nesi akatutolea macho. Baada ya matibabu nilimpeleka hotelini mbele ya stendi, tukaagiza wali na maharage, na katikati ya kula akaniuliza jambo ambalo naona amelibeba miaka yote hiyo huko kwao Tabora. "Ile kanda yako," alisema, "zile sehemu ulizoziacha tupu. Ulijua unachofanya, au ulikuwa mkaidi tu?" Nikamjibu kwamba nilikuwa mkaidi tu. Jibu hilo ni la kweli lakini ni fupi mno, na tangu siku ile nimekuwa nikilirefusha kichwani, mpaka nimeona afadhali niliandike.

Habari za ukoo wangu naziruka. Ni watu wengi na wote ni wakulima. Naanzia kwenye chumba. Kilikuwa nyuma ya stendi ya mabasi, chumba cha kupanga, bati juu bila dari, na ndani yake kulikuwa na kitanda, jiko la mkaa, na cherehani yangu ya kukanyaga niliyoiweka karibu na mlango nipate mwanga. Nilishona sare za shule na magauni ya wanakwaya. Mabasi yalipofika yalishusha wagonjwa na ndugu zao, na waliokosa pa kulala waliulizia kwa mafundi na kwa mama ntilie, kwa hiyo mara nyingi nilikuwa na mgeni sakafuni. Jioni ilikuwa mazoezi ya kwaya. Mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo, na kanda zetu zilisikika Mbulu nzima na Hanang. Mtu alikuwa akija kupimwa gauni, akinisikia naimba huku nashona, anasema, "Kumbe wewe ndiye ile sauti!" Ile sauti. Jina langu hakuna aliyelijua. Kwenye jalada la kanda kulikuwa na jina la kwaya na picha yetu tumesimama kwa safu, wadogo kama njugu, na mimi mwenyewe ilinibidi nijitafute kwa kidole. Iliniuma, na siwezi kusema haikuniuma.

Mwalimu Jumanne aliingia chumbani mwangu akiwa na suruali ya kupunguzwa. Alikuwa amepangiwa kufundisha hisabati sekondari, mgeni, Mwislamu kati ya majirani waliokwenda kanisani wote, na upweke wake aliumaliza kwa gitaa. Alikuwa amenisikia akipita barabarani wakati wa mazoezi. Aliporudi kuchukua suruali alileta redio kaseti na kanda za marehemu baba yake, aliyefanya kazi reli. "Hii inaitwa soul, muziki wa Wamarekani weusi," akasema. Mwanamke mmoja akaanza kuimba kwa Kiingereza cha kwao ambacho sikushika hata nusu yake, lakini mguu wangu ulisimama juu ya pedeli. Alikuwa halazimishi sauti iwe nzuri. Alilishika neno moja, akalivuta kutoka tumboni, akalikwaruza, akaliachia pale alipotaka yeye, kama mtu anayedai kilicho chake. Nikamwambia Mwalimu airudishe mwanzo. Akairudisha mpaka betri zikalegea na yule mwanamke akaanza kuimba kwa sauti ya mwanamume. Tangu hapo nilijua ninachotaka. Nilitaka kanda moja, nyimbo nizitunge mimi, nizipange mimi, nizirekodi mimi, na sauti iwe yangu peke yangu bila kiitikio cha mtu yeyote. Na jina langu liandikwe juu.

Huku kwetu habari haihitaji basi kusafiri. Kabla sijamwambia mtu, mwalimu wetu wa kwaya, Mzee Filemoni, alinibakiza baada ya mazoezi. Alikuwa mtu wa Nangwa, mpole, na sauti yake ya besi ilikuwa nzito kiasi kwamba akisalimia mlangoni vikombe vinasikia.

"Paskalina mwanangu, nasikia unataka kuimba peke yako."

"Ndiyo, mzee."

"Peke yako kabisa? Bila hata sauti ya pili?"

"Bila, mzee."

Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Kwetu anayeimba peke yake ni mchunga ng'ombe, na yeye anaimba asije akalala. Sauti ya mtu mmoja inachosha. Watasikiliza wimbo wa kwanza, wa pili wataizima. Mimi sikukatazi, lakini siwezi kuwa na mwanzishaji ambaye mguu mmoja uko nje. Ukienda kurekodi, nitampa mwingine nafasi yako, na ukirudi na aibu sitamnyang'anya."

Nilitoka, na nyuma ya ukuta nikawasikia akina mama wa sauti ya kwanza wakijadili. "Sasa ataitikiwa na nani, na cherehani?" Walicheka sana, na kwa kweli lilichekesha, hata mimi nilibana mdomo. Lakini cherehani niliiuza wiki ileile. Kulikuwa na fundi mmoja wa Kizungu aliyemaliza mkataba wake na alikuwa akigawa na kuuza vitu vyake. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na mashine ya kurekodi iliyoweza kupokea sauti nne, kila moja kwenye mstari wake ndani ya kanda moja, pamoja na maikrofoni na hedifoni. Cherehani ikatoka mlangoni, mashine ikaingia. Nikawa sina kwaya wala kazi, na kama kanda isingesimama, basi nilikuwa nimekwisha kama mwimbaji na kama fundi pia. Nilijiapiza kwamba ikizimwa kama alivyosema Mzee Filemoni, sitaimba tena mbele za watu.

Haydom haikurekodika. Honi za mabasi ziliingia, jenereta la mashine ya kusaga liliingia, na jua likipanda bati lenyewe linaanza kulia, ta, ta, ta. Mimi na Mwalimu tulijaribu kutundika mablanketi, tukajaribu kurekodi alfajiri, jogoo wakatukatalia. Ndipo nikamkumbuka Mama Boay. Alikuwa mmoja wa wale wageni wangu wa sakafuni, mama mtu mzima kutoka Tlawi, aliyelala kwangu alipokuwa akitibiwa jino, na kila mara alinisifia nyumba yake kwa jambo moja, kwamba mvua ikinyesha yeye anaambiwa na majirani. Ilikuwa tembe ya zamani, iliyochimbwa ikaingia kwenye mteremko, kuta nene za udongo na paa la udongo lenye majani yaliyoota juu. Shule zilipofungwa katikati ya mwaka, tukapakia mashine, gitaa la kawaida na la besi, kinanda kidogo na betri ya gari, tukapanda kwenda Mbulu na kutoka pale mpaka Tlawi.

Mwanawe, Boay, alituona aibu. Alikuwa amejenga nyumba ya bati pembeni na alitaka tukae huko. "Dada, mle ndani ni kwa ng'ombe na mama, na mama mwenyewe tunamwomba atoke, hataki." Mwalimu Jumanne aliinama akapita mlangoni, akasimama katikati ya giza, akapiga kofi moja. Kofi lilisikika na likaishia palepale, bila mwangwi. Akapiga tena. "Dada," aliniita kutoka ndani, "studio za Dar wanalipia magodoro ya ukutani kupata hiki." Nilipoingia nilipokelewa na moshi, maziwa, na vitunguu saumu vilivyosukwa mafungu na kutundikwa kwenye nguzo zote. Mama Boay alikuwa mekoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umekonda. Kaa." Baridi ya mwezi ule unapumua unaiona pumzi yako, na ukungu ulikuwa hauondoki kwenye vilima mpaka asubuhi imeshaiva, lakini mle ndani palikuwa na joto la ng'ombe waliotoka asubuhi ile. Nimelala katika hoteli za miji tangu wakati huo na sijapata chumba kilichonipokea vile.

Utaratibu ukawa huu: ng'ombe wakishatoka malishoni tunafagia, tunachomeka maikrofoni kwenye mpini wa jembe uliofungwa kwenye kigoda, na tunafanya kazi mpaka betri inalegea, kisha Boay anaipeleka mjini kuchajiwa. Mchana tunakula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na Mwalimu, aliyeanza kwa kuuangalia ule ugali mweusi kwa mashaka, ikafika siku akawa anakwangua sufuria. Kitu pekee kilichopanda juu ya paa ni mbuzi mmoja mtundu, na hata yeye kwato zake zilisikika kwa mbali kama mtu anayefikiri. Nilidhani tumemaliza matatizo.

Tatizo lilikuwa limekaa mekoni linachambua maharage. Kwetu mtu akisema kwa kirefu, awe anasimulia, anabariki au anaimba, hasemi peke yake. Anayemsikiliza humwitikia kila anapoweka nukta. Si neno kubwa, ni "eee" tu, lakini lina mahali pake, na mtu mzima halikosei. Mimi niliimba mstari wa kwanza, nikanyamaza, na Mama Boay bila kuinua macho kutoka kwenye ungo akasema, "Eee." Mstari wa pili, "Eee." Mwalimu akazima mashine akanitazama.

"Mama," nikamwambia kwa upole, "nikiimba naomba ukae kimya kidogo."

"Nimekaa kimya."

"Umeitikia, mama."

"Hiyo si kusema. Hiyo ni kusikia." Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nisipoitikia utajuaje kama nasikia?"

Alijaribu, Mungu amwone. Siku ya pili, kwa hiari yake, alitia kiazi kizima mdomoni. Ile "eee" ikatokea puani. Siku iliyofuata aliamua mwenyewe kwenda kwa jirani na kazi yake mkononi, akisema nyimbo zangu zinamchokoza. Basi tukarekodi kwa utulivu, wimbo baada ya wimbo, nikiwa na hakika kwamba sasa nimepata nilichokitaka. Mwalimu akarudisha kanda tusikilize. Nikavaa hedifoni, nikasikia sauti yangu ikiwa imekaribia sikio, ina mkwaruzo wake wote, na moyo ukanipanda. Kisha nikamwona amekunja uso.

"Hapa kuna nini?" akauliza.

"Wapi?"

"Hapa. Umeimba, umenyamaza. Umeimba, umenyamaza. Unamsubiri nani?"

"Navuta pumzi."

"Dada, hata ng'ombe havuti pumzi ndefu hivyo. Hizi nyimbo zina mashimo."

Nilikasirika, tena sana, kwa sababu nilimwelewa. Nilikuwa nimezitunga nyimbo zote juu ya cherehani nikiamini ni za mtu mmoja, kumbe kila mstari nilimwachia mtu mlango wazi. Masikio ya Tabora ndiyo yaliyoona; sisi wa hapa tusingeona hata tungekaa mwaka, kwa sababu sisi sote tungejaza bila kujua. Nikaanza kupigana na zile nafasi. Nilizifupisha, nikaunganisha mstari na mstari, na wimbo ukawa wa mtu anayekimbia mvua. Mwalimu akazijaza kwa gitaa. Alipiga vizuri, lakini ilikuwa kama mtu anayeitikia salamu isiyo yake. Nikamwita Mama Boay nikamwambia, haya mama, itikia, na akaitikia kwa namna iliyonisimamisha nywele. Hapo Mwalimu akafurahi. "Tumemaliza," akasema. "Hiyo ndiyo soul yenyewe." Nami nikakataa. Nilijua watu watakavyosema: kanda ya Paskalina na mama yake. Niliiacha kwaya ya watu wengi, sasa niunde ya watu wawili?

Tulibishana siku nzima, yeye akila vibaya na mimi sili kabisa, na Mama Boay akatuambia tukagombane nje, ng'ombe wanarudi. Nilikwenda kukaa juu ya mteremko, pale ambapo paa la nyumba linaungana na ardhi, mbuzi upande mmoja na mimi upande mwingine. Chini yangu nilimsikia Boay akimsimulia mama yake habari za mjini, foleni ya mashine ya kusaga, bei ya vitunguu, na baada ya kila kituo ile "eee" ndogo. Ghafla Boay akanyamaza kidogo zaidi ya kawaida, na mimi, peke yangu juu ya paa, mtu ambaye hakuulizwa, nikaitikia. Nikajisikia. Nikashuka mbio.

"Futa gitaa," nikamwambia Mwalimu. "Mfute na mama. Nafasi zibaki."

"Zibaki na nini?"

"Bila kitu chochote. Zibaki tupu."

"Dada Paskalina, ukimya hauuziki. Mtu atadhani redio imekufa."

"Na adhani. Nani prodyuza hapa?"

Akanyoosha mikono juu. Alikuwa amenipa cheo hicho yeye mwenyewe kwa utani tulipokuwa Haydom, na siku ile alikijutia. Lakini alipiga besi upya, wimbo baada ya wimbo, akiikata kila nilipoikata mimi, na ndipo alipoanza kulichelewesha lile pigo la mwisho, akiliweka mpaka ukingoni mwa ukimya kisha anasimama. Sijui kama alinielewa au alikuwa ananiridhisha. Alifanya kazi ya kiungwana.

Kunakili tulikwenda Arusha, kwenye duka moja la kanda karibu na soko. Kijana mwenye duka alivaa hedifoni, akasikiliza wimbo wa kwanza, akaanza kubonyeza. "Sista, hii kanda yako ya kunakilia ina hitilafu. Inakatika. Lakini usijali, hizi sehemu nazitoa, nyimbo zitakuwa fupi na zitachangamka." Nikamwambia asitoe. Akaniambia wateja watamrudishia. Nikamwambia watarudisha kwangu, jina langu ndilo lililo juu. Akaniambia niende nikanywe chai nirudi jioni, na hapo nikajua nikitoka tu atakata. Nikavuta kiti nikakaa kando ya mashine zake tangu asubuhi mpaka alipofunga, nikiwa na kipande cha muhogo wa kuchoma mapajani, na kila mkono wake uliposogea kwenye vile vitufe mimi nilikohoa. Kanda zilitoka nzima, na mashimo yake yote.

Sikuzipeleka stendi kwanza. Mtu wa kwanza kusikia ilibidi awe yule aliyesema zitazimwa; vinginevyo ningeishi nikimsikia mgongoni. Ilikuwa baada ya mavuno na Mzee Filemoni alikuwa nyumbani kwake Nangwa, kwa hiyo nikashuka Katesh nikatembea. Nilimkuta sebuleni, vitambaa vya kufuma kwenye viti vyote, na redio nayo imevalishwa chake. Nilimpa shikamoo, akaitika, akauliza habari za Haydom kama vile hakuna lililotokea. Mkewe alikuja kunisalimu akarudi jikoni kuweka chai. Nikatoa kanda nikaiweka mezani. Aliisogeza kwenye mwanga, akasoma jalada taratibu.

"Jina moja," alisema.

"Moja, mzee."

Akaifunua redio, akaingiza kanda, akakaa. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia. Sauti yangu ikatoka, ikaenda mpaka mwisho wa mstari, ikaacha. Sebule nzima ilikuwa kimya, na kutoka jikoni mkewe akauliza, "Betri zimekwisha?" Mstari wa pili ukaja, ukaacha. Mzee alikuwa anaitazama ile redio kwa macho makali, na mkono wake ulikuwa umeshafika karibu na kitufe. Nilijisemea, haya, ndiyo inazimwa, na haijafika hata wimbo wa pili. Nilihisi machozi yanakuja na nilikuwa nimeshaanza kutafuta mkoba wangu kwa mguu. Mstari wa tatu ukaacha.

"Baba Neema," mkewe akaita, "hiyo kanda ni mbovu, mbona ananyamaza nyamaza?"

"Si mbovu," alisema Mzee Filemoni, na mkono akaurudisha gotini. "Anatungoja."

Akajiweka sawa kitini, mgongo wima, kama alivyokuwa akikaa kabla ya kutugawia sauti. Mstari wa nne ukapanda, ukakwaruza pale nilipotaka ukwaruze, ukaacha, na akaitikia kwa besi yake yote. Na jikoni, juu ya mlio wa vikombe, mkewe naye akaitikia. Mimi sikufungua mdomo. Sehemu yangu nilikuwa nimeshaimba.